Mmeachana na mmoja anataka kuhama na mtoto: mwongozo kwa wazazi wa Nyanda za Juu Kusini

Ugomvi wa kuhama na mtoto huku kwetu una milango yake inayojulikana. Mama ni muuguzi Mbeya, amepata uhamisho kwenda Iringa. Baba mwingine ameacha duka Mwanjelwa, anakwenda kutafuta dhahabu Chunya na anataka kijana wake akakae kwa bibi Makete. Mmoja ameoa au ameolewa tena Tunduma. Na ule wa kila mwaka: mtoto amekwenda Tukuyu kusalimia likizo ya Desemba, Januari shule zimefunguliwa, na kila ukipiga simu unaambiwa "ameshazoea huku".

Ukifungua sheria zetu hutakuta sura inayosema mzazi aliyeachana na mwenzake akihama, mtoto aende wapi. Mahakama hulichukua jambo hili kama suala la malezi, na swali linalotangulia mengine yote ni lile lile: nini kina manufaa kwa huyu mtoto? Kwa hiyo mzazi anayekuja na orodha ya makosa ya mwenzake anakuwa na kazi ngumu kuliko anayekuja na mpango wa maisha ya mtoto, kuanzia anapoamka hadi anapolala. Mwongozo huu unakusaidia kuuandaa huo mpango, uwe wewe ndiye unayehama au unayebaki.

Hatua ya kwanza: ondoa kichwani sheria za mtaani

Iliyozoeleka kuliko zote ni hii: "mtoto akifika miaka saba ni wa baba." Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inasema kuna dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na hata inapotumika hakimu anatakiwa aangalie ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Akivuka miaka saba dhana haigeuki kuwa ya baba. Inakoma tu, na linalobaki ni swali la manufaa ya mtoto. Kuna akina baba wanaosubiri siku ya kuzaliwa kama wanasubiri mkopo wa benki uive, na kuna akina mama wanaojificha na mtoto mwezi ule ule kwa sababu hiyo hiyo. Wote wanapoteza muda.

Ya pili ni mahari. "Nilitoa ng'ombe, mtoto ni wa ukoo wangu." Sheria ya Ndoa inamruhusu hakimu kuzingatia mila za jamii ya wazazi, pamoja na matakwa ya wazazi na ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kujieleza. Lakini yote hayo yanakuja nyuma ya ustawi wa mtoto. Mila inaweza kueleza kwa nini babu Rungwe anataka mjukuu ajue nyumbani kwao, na hilo ni jambo la maana. Kumtoa mtoto kwa mzazi anayemlea vizuri ili ng'ombe wasiende bure, hapana. Upande wa pili nao una wimbo wake: "hakutoa mahari, kwa hiyo hana mtoto." Huo nao hauna miguu.

Ya tatu inawahusu wasiofunga ndoa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haibagui mtoto kwa sababu wazazi wake hawana cheti cha ndoa. Mzazi, mlezi au ndugu anayemlea mtoto anaweza kuomba mahakamani haki ya kukaa naye, na asiyekaa naye anaweza kuomba haki ya kumwona. Kama ubaba unabishaniwa, hilo linatatuliwa kwanza, na vipimo vya vinasaba vipo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Huendi huko mwenyewe na nywele za mtoto kwenye bahasha. Maombi hupitia mahakama, wakili au ofisi ya ustawi wa jamii.

Ya nne ni fupi. Mkeo akikaa na mtoto haina maana umefutwa. Sheria ya Mtoto inampa mtoto ambaye wazazi wake wametengana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine, mradi isivuruge masomo yake. Haki hiyo imeandikwa kwa jina la mtoto, ndiyo maana mzazi mmoja hawezi kuifuta kwa hasira zake.

Hatua ya pili: toa taarifa kabla ya kupakia mizigo

Wewe unayehama, mwambie mwenzako mapema, kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha kuanzia, ilimradi useme unahamia wapi, lini, kwa sababu gani, mtoto atasoma wapi na mzazi mwingine atamwonaje. Usiandike "tunahama, tutaongea". Weka nakala ya ujumbe huo na majibu yake.

Kuhama ghafla na mtoto usiku kunaonekana kama ushindi kwa wiki chache. Baadaye unakaa mbele ya hakimu ukieleza kwa nini mwalimu wa darasa hakuaga mwanafunzi wake, kwa nini baba mtu alipata habari kwa jirani, na kwa nini bibi wa upande wa pili hajasikia sauti ya mjukuu wake. Maelezo hayo huwa magumu hata kama kuhama kwenyewe kulikuwa na sababu nzuri.

Kuna hali moja ambapo agizo hili halifanyi kazi: kama unapigwa, unatishiwa, au mtoto anaumizwa. Hapo toka kwanza. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kama kuna majeraha, piga 116 ambayo ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto, na uende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri unayofikia, si lazima ile unayoikimbia. Halafu fungua maombi mahakamani haraka, ili kuondoka kwako kuonekane kulivyo: kujiokoa, na wala si kumficha mtoto.

Wewe unayebaki, usijibu taarifa kwa matusi. Ujumbe wa saa tano usiku unaoanza na "we mwanamke" utasomwa mahakamani kwa sauti ya kawaida na mtu asiyekujua. Jibu unakubali nini, unakataa nini, na unapendekeza nini badala yake.

Hatua ya tatu: andika wiki ya mtoto

Hii ndiyo kazi kubwa, na wengi wanairuka.

Chukua daftari, gawanya ukurasa mara mbili. Upande mmoja wiki ya mtoto anavyoishi sasa, upande wa pili atakavyoishi huko anakopelekwa. Jumatatu hadi Jumapili. Nani anamwamsha. Anakula nini kabla ya kutoka. Anakwenda shule kwa miguu, kwa daladala au bodaboda, na umbali gani. Darasa la kwanza hutoka mapema: nani yuko nyumbani anaporudi? Daftari zake zinakaguliwa na nani? Analala chumba gani, na nani mwingine analala humo? Akiugua usiku, kituo cha afya kiko wapi na nani atambeba?

Tuseme mama anahamia Iringa na atapangiwa zamu za usiku. Upande wake wa ukurasa una shimo: usiku wa zamu. Akiliziba kwa jina la mtu, mdogo wake wa kike anayekuja kuishi naye Kihesa, mpango unasimama. Akiandika "nitapata dada wa kazi", shimo bado lipo. Baba naye ana duka Mwanjelwa analofunga usiku. Anataka mtoto abaki Mbeya kwa sababu shule ni ile ile, marafiki wale wale, shangazi yuko Uyole. Hoja nzuri, kwa sababu sheria inathamini mwendelezo wa malezi. Lakini kati ya mtoto kutoka shule na baba kufunga duka kuna saa nyingi, na shangazi wa Uyole yuko mbali na Mwanjelwa. Naye azibe shimo lake.

Wakikaa na kurasa hizo mbili mezani, mara nyingi ugomvi unapungua ukubwa. Kilichokuwa "unaninyang'anya mwanangu" kinakuwa "usiku wa zamu tufanyeje".

Niseme wazi kuhusu bibi, maana huku ndiko kuhama kwa mtoto kunakotokea zaidi. Kumpeleka mtoto kwa bibi si kosa. Wengi wetu tumelelewa hivyo, tukalishwa viazi na uji wa ulezi, na tukasoma. Lakini kama mpango wako halisi ni kwamba bibi Makete ndiye atakayelea na wewe utakuwa Chunya, uandike hivyo hivyo, usiuite "nakaa na mwanangu". Na ujiandae kwa swali ambalo afisa ustawi au hakimu atakuuliza bila kukwepa: kama wewe hutakuwepo, kwa nini mtoto asikae na mzazi wake mwingine aliyepo? Sheria ya Ndoa inaruhusu mtoto kukabidhiwa kwa ndugu pale tu hali isiyo ya kawaida inapofanya wazazi wasifae. Kumkomoa aliyekuwa mwenzako hakumo humo.

Angalia pia mambo ya nchi yetu hii ya baridi. Mtoto mwenye pumu anayetoka joto la Kyela kwenda Makete au Njombe mwezi Juni anahitaji zaidi ya sweta. Cheti cha daktari kikiwepo, kiweke kwenye faili. Kisipokuwepo, usiigeuze baridi kuwa silaha. Watoto wa Njombe wanakua vizuri tu.

Hatua ya nne: kaeni kikao, lakini chagueni wa kukaa nao

Kikao cha ukoo chenye watu kumi na wawili, mashemeji wawili wamelewa na mtoto anasikilizia mlangoni, hakizai makubaliano. Chagueni watu wawili au watatu ambao wote mnawaheshimu: mshenga aliyewaoza kama bado ana akili zake, mchungaji au sheikh, mama mkubwa asiye na upande.

Mkishindwa, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Hapo hampelekani kortini. Anawaita wote wawili, anasikiliza, anaweza kuzungumza na mtoto peke yake, na mkikubaliana anaandika makubaliano mnayosaini. Kwa ambao wamezoea kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata: hao wanaweza kuwapatanisha na kukuandikia barua ya utambulisho, lakini hawana mamlaka ya kumkabidhi mtoto kwa mzazi mmoja. Karatasi yenye muhuri wa mtaa inayosema "mtoto amekabidhiwa kwa baba yake kuanzia leo" si amri ya mahakama.

Kwa wanandoa wanaotaka talaka, kuna hatua ya lazima: Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwe la kata au la dini. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ya kuonyesha hivyo, na bila hati hiyo shauri la talaka kwa kawaida halipokelewi. Baraza halitoi talaka na haligawi watoto. Kama unachoomba ni malezi au matunzo tu chini ya Sheria ya Mtoto, huhitaji kupita huko.

Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo kwenye wilaya nyingi, na huduma yao ni bure. Watakusaidia kuandaa karatasi na kukuelekeza, ila hawasimami mahakamani kwa niaba yako kama wakili. Anayekuambia yeye ni msaidizi wa kisheria halafu anataka "hela ya kufungulia faili lake", muage kwa heshima.

Hatua ya tano: andikeni makubaliano yanayoweza kutekelezeka

"Baba atamwona mtoto muda wowote anaotaka" ni sentensi inayofurahisha siku ya kusaini na kugombanisha wiki ya pili. Andikeni siku, mahali na nani analipa. Mfano wa wale wazazi wa Iringa na Mbeya unaweza kusomeka hivi:

*Sisi wazazi wa mtoto aliyetajwa hapo juu tumekubaliana kwamba kuanzia muhula wa Januari mtoto ataishi na mama yake Iringa mjini. Likizo ya Juni yote atakaa kwa baba yake Mbeya, isipokuwa siku tatu za mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Likizo ya Desemba itagawanywa nusu kwa nusu: mwaka huu Krismasi kwa mama, mwaka ujao kwa baba, na kuendelea hivyo kwa zamu. Likizo fupi za katikati ya muhula baba anaweza kuja Iringa na kukaa na mtoto mchana, akitoa taarifa wiki moja kabla.*

*Makabidhiano yatafanyika stendi ya Makambako, Jumamosi, kabla ya saa saba mchana. Kila mzazi atajilipia nauli yake, na anayempokea mtoto atalipa nauli ya mtoto. Mtoto hatasafirishwa peke yake wala kukabidhiwa kondakta hadi atakapofika miaka kumi na minne. Anayemleta atakabidhi begi la nguo, sweta, dawa, kadi ya kliniki au ya bima kama ipo, na daftari za kazi ya likizo.*

*Mtoto ataongea na mzazi asiye naye kwa simu Jumatano na Jumapili saa moja jioni. Simu haitawekwa kwenye spika bila mtoto kutaka.*

*Baba atatuma matunzo kabla ya tarehe tano ya kila mwezi kwa simu, na ujumbe wa muamala ndio risiti. Ada, sare na matibabu makubwa yatagawanywa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kiambatisho.*

*Mzazi yeyote akitaka kumhamisha mtoto kwenda wilaya nyingine, kumbadilishia shule au kumwombea pasipoti, atamtaarifu mwenzake kwa maandishi miezi miwili kabla, na hatafanya hivyo hadi wakubaliane au mahakama iamue.*

Makambako imechaguliwa kwa sababu iko karibu katikati ya Iringa na Mbeya, kila mmoja anasafiri nusu. Kama ninyi ni wa Njombe na Songea, au Tukuyu na Mafinga, tafuteni katikati yenu. Wengine huona haki aliyehama ndiye asafiri zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeweka umbali. Hilo nalo ni sawa, liandikeni tu. Kifungu cha spika kinaweza kuonekana cha kitoto. Kiacheni. Mtoto anayejua mama anasikiliza hatamwambia baba yake kwamba amemkumbuka.

Kuhusu kiasi cha matunzo, kumbukeni kwamba miongoni mwa mambo ambayo Sheria ya Mtoto inaitaka mahakama iyaangalie ni kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Mtoto akihama kutoka kijijini Mbozi kwenda Mbeya mjini, kiasi cha zamani kinaweza kufikiriwa upya. Vivyo hivyo akirudi kijijini.

Makubaliano yaliyosainiwa kwa afisa ustawi ni ushahidi mzuri, lakini mmoja akiyavunja, polisi hawana cha kutekeleza. Ndiyo maana ni busara kuyapeleka mahakamani mkiwa bado mnaelewana, mkaomba yawe amri. Shauri la waliokubaliana huchukua muda mfupi kuliko la wanaogombana, na siku ya mgogoro utashukuru.

Hatua ya sita: mkishindwa kukubaliana, nendeni mahakamani

Wanandoa wanaotengana au kutalikiana wanaweza kuomba malezi ndani ya shauri lao la ndoa, na Sheria ya Ndoa inaruhusu shauri hilo kuanzia Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi hadi Mahakama Kuu. Maombi chini ya Sheria ya Mtoto yanakwenda Mahakama ya Watoto. Mbeya mjini ina mahakama yake ya watoto. Kwingine mara nyingi ni hakimu wa mahakama ya wilaya ndiye anayekaa kama Mahakama ya Watoto. Shauri linasikilizwa faragha, bila hadhira ya majirani, na afisa ustawi wa jamii anashiriki.

Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha ndoa kama kipo, barua ya uhamisho au ya ajira mpya, barua ya shule anakosoma na anakotarajiwa kupokelewa, ripoti zake za maendeleo, miamala ya matunzo, ujumbe mliotumiana, na ile daftari yako ya wiki ya mtoto. Mali bila daftari huisha bila habari, na ushahidi nao ni hivyo hivyo: "nilikuwa natuma hela kila mwezi" bila muamala hata mmoja ni maneno matupu. Kama mtoto wa chini ya miaka mitano hana cheti cha kuzaliwa, mkoa wa Mbeya ulikuwa wa kwanza, mwaka 2013, kuingia kwenye mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kuwasajili watoto wa umri huo bila malipo kwenye ofisi za kata na vituo vya afya. Anza hapo.

Mahakama inaweza kumwagiza afisa ustawi aje nyumbani kwako aandike taarifa. Usikodi kochi. Usimvalishe mtoto nguo za sikukuu Jumanne asubuhi. Afisa anaangalia mtoto anakimbilia kwa nani akianguka, chakula kinapikwa wapi, na kama jirani anamjua jina. Kitanda cha kuazima kinaonekana.

Mtoto mwenye umri wa kujieleza anaweza kuulizwa anataka nini, na maoni yake yana uzito yakiwa yake mwenyewe. Mzazi anayemkaririsha ("sema baba anakunywa") anajiharibia, kwa sababu mtoto wa miaka tisa anayetumia maneno ya mtu wa miaka arobaini hukamatwa mara moja. Na nyumbani usimuulize mtoto achague. Kumuuliza "unampenda nani zaidi" ni kumtwisha mzigo wa kumsaliti mmoja wenu.

Omba masharti, usiombe mtoto peke yake. Sheria ya Ndoa inaruhusu amri ya malezi kutaja mahali mtoto atakapoishi, namna atakavyosomeshwa, nyakati za kukaa na mzazi mwingine au hata ndugu wa upande huo, na kumzuia mwenye malezi kumtoa mtoto nje ya Tanzania. Kama hatari ni ya haraka, omba amri ya muda wakati shauri likiendelea. Kama mko na watoto kadhaa, mahakama haifungwi kuwaweka wote kwa mzazi mmoja, ila Sheria ya Mtoto inaona ni vema ndugu wakae pamoja, kwa hiyo anayetaka kuwagawa awe na sababu.

Usiporidhika na uamuzi, rufaa ya shauri la ndoa ina kikomo cha siku 45. Omba nakala ya hukumu siku ile ile inaposomwa. Na mambo yakibadilika baadaye, uhamisho mwingine, ugonjwa, mtoto amekua, amri ya malezi hubadilishwa kwa maombi mapya. Usiibadilishe mwenyewe kwa kumpandisha mtoto basi.

Hatua ya saba: shule

Uhamisho wa mwanafunzi hupitia kwa walimu wakuu wa shule zote mbili na kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani (NECTA), wenye namba ya mwanafunzi. Usimhamishe mtoto akiwa kwenye mwaka wa mtihani wa taifa kama inaepukika. Darasa la nne likianza kukaribia Oktoba, subira ya miezi michache ni hoja nzuri hata kwa mahakama. Mpe mwalimu mkuu nakala ya amri na majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, na mwombe ripoti za muhula zitumwe kwa wazazi wote wawili.

Hatua ya nane: mpaka

Tunduma na Kasumulu si mbali, na watu wana ndugu Nakonde na Karonga. Kwenda kusalimia ni jambo la kawaida. Lakini fahamu kwamba Tanzania haimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1980 unaorahisisha kurudishwa kwa watoto waliovushwa mpaka bila ridhaa ya mzazi mmoja. Mtoto akishavuka, kumrudisha kunategemea mahakama za nchi aliyopo, nauli zako na uvumilivu wako. Kama una sababu ya kweli ya kuhofia, omba mapema amri ya kuzuia mtoto asitolewe nchini, kisha peleka nakala ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Maombi ya pasipoti ya mtoto huhitaji ridhaa ya mzazi, hivyo barua yako kwao, ikiwa na amri imeambatishwa, ina kazi ya kufanya.

Hatua ya tisa: mtoto hajarudishwa baada ya likizo

Usikodi bodaboda tatu kwenda kumvizia kisimani. Nimeona kikao kizima cha usuluhishi kikigeuka kuwa mazungumzo ya nani alimvuta mtoto mkono, na suala la awali likasahaulika.

Tuma ujumbe wa maandishi kwanza: mlikubaliana arudi lini, shule imefunguliwa lini, unamsubiri wapi. Mpe siku mbili au tatu. Wakati huo huo zungumza na bibi au shangazi aliye naye, kwa upole, "shikamoo mama, naomba nimsikie mwanangu", kwa sababu mara nyingi mzee wa watu hajui kuna ugomvi. Ameambiwa tu mtoto ataishi hapo.

Kisha nenda kwa afisa ustawi wa halmashauri aliko mtoto. Ukienda kwa wa kwako atamwandikia mwenzake, lakini wa kule ndiye anayeweza kufika nyumba ile kesho. Kama una amri ya mahakama, beba nakala yake kwenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Mtoto inakataza kumchukua mtoto isivyo halali kutoka kwa mwenye haki ya kukaa naye, na mahakama iliyotoa amri inaweza kumwita aliyeikaidi ajieleze. Kama huna amri, tarajia kuambiwa ni mambo ya familia. Usikae ukibishana kaunta. Fungua maombi, na uombe amri ya muda ili mtoto arudi darasani shauri likiendelea.

Katika kipindi hicho chote endelea kutuma matunzo, hata kama unanyimwa kumwona. Na wewe unayekaa naye, usimzuie mwenzako kumwona kwa sababu pesa ya Machi haijafika. Matunzo yana maombi yake na kuonana kuna maombi yake. Ukivichanganya, siku ya shauri utaulizwa wewe kwanza.

Amri ikitoka, chapa nakala tano: yako, ya shule, ya kituo cha afya anakotibiwa, ya ofisi ya ustawi, na moja ya bibi. Mkalishe bibi chini umsomee taratibu, pamoja na zile tarehe za Juni na Desemba.